Mwalimu na mambo mawili aliyoyajutia



Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, nikajikuta nimekaa kwenye mkutano wa kijiji. Sitakitaja kijiji chenyewe, ila siyo mbali na Rubya, na waliokuwepo watanielewa. Mkutano ulitangazwa wa saa nne asubuhi, ukaanza saa saba mchana. Tulikuwa watu kama arobaini chini ya mti, wengi wao wazee na akina mama. Vijana wa rika lenu nilihesabu wanne, na wawili kati yao walikuwa wamekuja kuchaji simu ofisini.

Ajenda ilikuwa mchango wa kujenga darasa. Mzee mmoja aliyevaa kanzu na koti akasimama, akaomba kwanza tusomewe mapato na matumizi ya mchango wa mwaka juzi. Swali jepesi kabisa. Meza kuu ikanong'onezana, halafu likaja jibu: mchango huu ni agizo kutoka juu, tusipoteze muda. Mzee akakaa. Mkutano ukafungwa, watu wakaenda zao.

Njiani nikatembea na yule mzee. Akaniambia kwamba enzi za Mwalimu jambo kama lile lisingewezekana. Nikaitikia, ndiyo mzee, maana ndivyo tulivyolelewa wote, Mwalimu akitajwa unaitikia. Lakini usiku usingizi ukakataa. Nikawa najiuliza, hivi haya maneno ya agizo kutoka juu, kijijini kwetu yaliota mizizi lini? Jibu linachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mkoloni aliyaleta, lakini yalikomaa enzi hizo hizo za Mwalimu. Na mtu aliyekiri hilo waziwazi kuliko viongozi wenzake ni Mwalimu mwenyewe.

Kwa hiyo leo nawapa maisha ya Julius Kambarage Nyerere. Siyo yale ya kukariri kwa ajili ya mtihani wa darasa la saba. Nitayasimulia kutokea kijijini, kwa sababu alizaliwa kijijini, akazikwa kijijini, na kosa lake kubwa alilifanya akiwa anajaribu kukisaidia kijiji. Kama umelipia nusu saa hapo kafe, usiwe na wasiwasi, tutamaliza.

Alizaliwa Butiama, upande wa pili wa ziwa letu, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki tangu enzi za Wajerumani. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake zaidi ya ishirini wa mzee huyo. Kwa hiyo usidhani mtoto wa chifu alilelewa kwenye zulia. Alichunga mbuzi, alilima, alikula alichokula kila mtoto wa pale.

Kitu alichokiona utotoni hakikumtoka maisha yake yote. Wazee walikaa pamoja wakazungumza jambo mpaka wakakubaliana. Hapakuwa na kupiga kura wala kuhesabu mikono. Mtu mwenye hoja alisikilizwa mpaka mwisho, hata kama jua lilikuwa linazama. Baadaye, akiwa mwanasiasa mkubwa, aliandika kwamba hiyo ndiyo demokrasia ya Kiafrika aliyoijua kabla hajasoma kitabu chochote cha Mzungu.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge kule Musoma. Mwaka 1937 akaingia Tabora, shule ambayo Waingereza waliiweka kwa ajili ya kuwafunda watoto wa machifu na watawala wa baadaye. Akaenda Makerere mwaka 1943, akabatizwa Mkatoliki mwishoni mwa mwaka huo huo, akarudi Tabora kufundisha shule ya St. Mary's. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskochi, akarudi na shahada mwaka 1952. Mwaka 1953 akamwoa Maria Waningu. Akaanza kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na mwaka huo huo akachaguliwa kuongoza chama cha TAA.

Tarehe 7 Julai 1954, Saba Saba hiyo mnayoipata likizo, TAA ikawa TANU. Mwaka uliofuata akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea Tanganyika. Aliporudi akabanwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha ualimu. Jina la Mwalimu likabaki.

Hapa nataka nisimame kidogo, tutazame kwetu Bukoba, maana watu wengi wanadhani siasa zililetwa huku na TANU. Si kweli. Mwaka 1924 tayari kulikuwa na Bukoba Bahaya Union, chama cha makarani, walimu na wafanyabiashara waliotaka maendeleo na waliokuwa hawaelewani na Bakama. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa walisimama kupinga kanuni za kilimo zilizoshushwa na serikali ya mkoloni, vurugu zikatokea Kamachumu. Na mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kikaanzishwa, wakulima wakawa na chombo chao cha kuuzia kahawa. Yaani babu zetu walikuwa wameshajifunza kuuliza mapato na matumizi wakati Mwalimu bado yuko Edinburgh anasoma. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Tuendelee. Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu akiwa Waziri Mkuu. Wiki sita baadaye, Januari 1962, akajiuzulu! Akamwachia kiti Rashidi Kawawa, akaingia barabarani kuzunguka nchi, vijiji kwa vijiji, kukijenga chama na kuwasikiliza watu. Hebu fikiria leo kiongozi anaacha ofisi kubwa kabisa ya nchi ili akazungumze na wakulima. Katika miezi hiyo aliandika kijitabu chake cha kwanza kuhusu ujamaa, akisema kwamba msingi wake ni undugu wa familia ya Kiafrika. Desemba 1962 akarudi akiwa Rais wa Jamhuri.

Mwaka 1963 serikali yake ikafuta uchifu. Kwa sheria hiyo Bakama wa Kiziba, Kianja, Ihangiro na wenzao wakabaki na heshima yao tu, madaraka yakaisha. Jamani, huyu alikuwa anafuta kiti cha baba yake mwenyewe, ambacho wakati huo alikuwa amekirithi kaka yake, Edward Wanzagi. Halafu mwaka 1965 ikaja sheria ya nyarubanja. Kwa vijana wasiojua, nyarubanja ilikuwa ardhi ambayo Omukama alimgawia mtu wake, pamoja na watu waliokuwa wanaishi juu yake. Ulikuwa unalima kibanja cha babu yako, migomba umeipanda wewe, lakini unalipa kwa bwana mwenye nyarubanja, na ukimuudhi anaweza kukutoa. Sheria ya 1965, na nyingine iliyofuata mwaka 1968, ikamaliza habari hiyo. Mlimaji akawa mwenye ardhi.

Nalitaja hili makusudi. Kuna wanaosema kila kitu kinachotoka juu ni kibaya kwa kijiji. Nyarubanja isingefutwa na mkutano wa kijiji, maana wenye nyarubanja ndio waliokuwa wanakaa meza kuu. Iliondolewa na Bunge kule Dar es Salaam. Wazee wetu wengi walimpenda Mwalimu kwa hilo, na walikuwa na haki ya kumpenda.

Sasa tusafiri mpaka kusini, mkoa wa Ruvuma, kwa sababu huko ndiko roho ya habari yangu ilipo. Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianza kulima pamoja mahali panapoitwa Litowa, karibu na Songea. Hakuna aliyewaamuru. Walianza kwa njaa na matatizo, wengine wakakimbia, waliobaki wakajifunza. Mwaka 1963 wakaunda umoja, Ruvuma Development Association. Vijiji vikaongezeka mpaka karibu ishirini. Walikuwa na mashamba ya pamoja, mashine ya kusaga, kiwanda cha kupasua mbao, na shule yao wenyewe ambayo watoto walisoma na kulima. Alikuwepo Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliyeishi nao na kuwashauri. Lakini maamuzi yalikuwa yao: mkutano ulikaa, watu wakabishana, wakakubaliana, kesho yake wakashika majembe. Unaona? Ni wale wale wazee wa Butiama, ila sasa wana mashine ya kusaga.

Mwalimu aliipenda Ruvuma sana. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na Septemba mwaka huo huo akatoa kijitabu kuhusu ujamaa vijijini. Ukikisoma unaiona Litowa ndani yake. Alisema wazi kwamba kijiji cha ujamaa lazima kianzishwe na wanakijiji wenyewe kwa hiari, na kwamba serikali haiwezi kulazimisha watu kuwa wajamaa.

Basi bwana. Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU, chama ambacho Mwalimu ndiye mwenyekiti wake, ikaivunja Ruvuma Development Association. Mali zake zikachukuliwa, washauri kutoka nje wakaondoka. Kisa? Wakubwa wa mkoa walikuwa hawapendi vijiji visivyosubiri amri yao. Wanakijiji waliozoea kuamua wenyewe walikuwa wanauliza maswali mengi mno. Mkubwa akija na mpango wake anaambiwa asubiri, wakae kwanza waujadili. Kwa mkubwa wa aina ile huo ulikuwa utovu wa nidhamu.

Mimi nimejiuliza sana kwa nini Mwalimu aliliacha hilo lipite. Alikuwa na nguvu ya kulizuia. Maelezo yangu ni kwamba alikitegemea chama kuliko alivyokitegemea kijiji. Aliamini chama kikiwa na watu safi kitafanya kazi ya kijiji vizuri zaidi na haraka zaidi. Mwaka 1971 chama kikatoa Mwongozo, ukakemea viongozi wenye kiburi na wanaowanyanyasa watu. Maneno mazuri kabisa. Lakini karatasi inayokemea kiburi haimsaidii mwanakijiji kama hana njia ya kumwondoa mwenye kiburi.

Siku ya Krismasi mwaka huo huo wa 1971, mkulima wa Iringa, Said Mwamwindi, alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisukuma kwa nguvu mambo ya vijiji vya ujamaa. Klerruu akafa. Mwamwindi akapeleka maiti polisi mwenyewe, baadaye akanyongwa. Sisemi alifanya vema, kuua ni kuua. Ila nchi nzima ilipata habari kwamba huko chini mambo yamekaza.

Hapa ndipo yanapoingia yale mambo mawili.

La kwanza. Mwaka 1972 serikali ilitangaza mpango wa Madaraka Mikoani, uliobuniwa kwa msaada wa kampuni ya washauri ya Marekani, McKinsey. Jina lilikuwa tamu, ungedhani madaraka yanashuka kwa wananchi. Kilichoshuka ni watumishi wa serikali kuu. Halmashauri za wilaya, zile zilizokuwa na madiwani waliochaguliwa, zikafutwa. Mahali pake wakaletwa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa kutoka Dar. Shida yako ya barabara au zahanati sasa unampelekea mtu ambaye hukumchagua na huwezi kumwondoa. Miji ilichafuka mpaka serikali ikalazimika kuzirudisha halmashauri za miji mwaka 1978. Vijijini walisubiri zaidi.

La pili. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. Hata cha kwetu, kile cha mwaka 1950. Kahawa ikawa ya mamlaka ya serikali. Ni kweli vyama vingi vilikuwa na wizi na uzembe, wala sitaki kuvipamba. Lakini mwizi wa ushirika ulikuwa unaweza kumkabili kwenye mkutano mkuu. Mwizi wa mamlaka utamkabili wapi? Babu zetu waliosimama mwaka 1937 wangecheka, au wangelia.

Katikati ya hayo mawili ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima, na hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Yule aliyeandika juu ya hiari mwaka 1967! Mahali pengi watu walisombwa kwa malori, wengine nyumba zao zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Ukame ukapiga katikati ya hayo, nchi ikaagiza chakula kutoka nje. Kufikia mwaka 1977 serikali ilihesabu watu wapatao milioni 13 kwenye vijiji.

Huku kwetu tulipona kwa kiasi kikubwa, na aliyetuponya ni mgomba. Kibanja chenye migomba na mibuni ya miaka mingi hukihamishi kwa lori. Watu walikuwa wameshakaa karibu karibu tangu enzi na enzi, kwa hiyo sehemu nyingi walichofanya ni kuchora mpaka na kuandikisha kijiji pale pale kilipokuwa. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikasema kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250, kiwe na mkutano mkuu wa watu wazima wote na halmashauri ya watu 25. Ndiyo, ule mkutano niliokaa juzi chini ya mti ni mjukuu wa sheria ya Mwalimu. Alitujengea baraza, halafu juu ya baraza akaweka chama kilichokuwa na majibu yote.

Tusiwe wachoyo wa fadhila. Zama hizo hizo zilileta mambo ambayo kijiji peke yake kisingeweza. Mwaka 1973 ilikuwepo kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakusanyika kwenye redio moja, wanasikiliza kipindi, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba vyoo. Karibu watu milioni mbili walishiriki. Kulikuwa na kisomo cha watu wazima, bibi anajifunza kuandika jina lake akiwa na wajukuu. Ikaja elimu ya msingi kwa kila mtoto. Baadhi yenu mnaosoma hapa, mama zenu waliingia darasani kwa sababu ya mpango huo. Mimi wangu aliingia.

Na ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani kwetu, yakakalia eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, yakavunja daraja la Kyaka. Watu wa Missenyi walikimbia na watoto mgongoni. Mwalimu akatangaza kwamba tutampiga, na nchi ikampiga. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mkoa wetu, uliokuwa unaitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Sijawahi kumsikia mzee wa huku akitaja vita hivyo bila kutaja mgambo, mabalozi wa nyumba kumi, na vijiji vilivyowapokea wakimbizi na kuwalisha ndizi. Kijiji kikiamini jambo ni lake, hakihitaji kusukumwa.

Baada ya vita nchi ilikuwa haina kitu, sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa na za ushirika. Halmashauri za wilaya zikarudi kazini mwaka 1984. Ushirika nao ukafufuka, na huku kwetu ndiyo KCU, ambayo mpaka leo jina lake rasmi lina mwaka 1990 ndani ya mabano. Ushirika ulioanzishwa na wakulima mwaka 1950 una jina linaloonyesha kana kwamba ulizaliwa juzi.

Mwaka huo wa 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alihojiwa na jarida moja la nje. Akaulizwa kama angeanza upya angefanya nini tofauti. Hakuzunguka. Akataja mambo mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Akakiri kwamba walikuwa na pupa, na kwamba kuna mambo walikuwa hawayajui. Hakumsingizia McKinsey wala hakumsingizia mkoloni.

Nimetafuta sana kiongozi mwingine wa Afrika wa kizazi chake aliyekiri hivyo akiwa bado yuko kwenye kiti. Sijampata bado. Ukimpata niandikie.

Novemba 1985 akang'atuka urais, neno ambalo alilitoa kwao Kizanaki na sasa lipo kwenye kila gazeti. Mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka mwaka 1991 ikakuta asilimia 80 ya watu wanataka chama kimoja kiendelee. Yeye, baba wa chama kimoja, akaunga mkono wale asilimia 20, na vyama vingi vikaja mwaka 1992. Alirudi Butiama kulima. Alifariki London, hospitali ya St Thomas, tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwao.

Sasa basi, turudi chini ya ule mti.

Sheria tuliyo nayo ina mizizi kwenye ile ya 1982. Inasema kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ukae kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25, inawajibika kwake. Mtendaji ni mwajiriwa, siyo mfalme. Kuuliza mapato na matumizi si ukorofi, ni kazi ya mjumbe, na mjumbe ni wewe.

Lakini sheria hiyo imelalia desturi ya muda mrefu ya kukaa kimya ukisikia neno agizo. Na uchaguzi nao hausaidii sana. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Novemba 2024 matokeo hayakuwa mbali na hapo. Wewe mwanachama wa CCM usinikasirikie. Hata kama ungekuwa mwenyekiti safi kiasi gani, uliyepita bila kupingwa umezoea wapi kuulizwa swali?

Juzi nimempigia simu yule mzee. Nikamweleza habari ya mwaka 1984, kwamba Mwalimu mwenyewe alijutia. Alinyamaza kidogo, mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema kwamba kama Mwalimu aliweza kukiri mbele ya dunia nzima, basi mtunza fedha wetu anaweza kusoma karatasi moja mbele ya watu arobaini. Ameniambia mkutano ujao atauliza tena swali lile lile. Ila ameomba kitu kimoja, asiwe peke yake anaposimama.

Mimi nitapanda basi niende. Ninyi vijana wa Rubya, Kamachumu, Muleba mjini na Bukoba, mnaosoma haya mkiwa mmekaa kwenye viti vya plastiki hapo kafe, swali langu ni dogo. Kijijini au mtaani kwako, mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa lini, na wewe ulikuwepo? Andika hapo chini kwenye maoni. Matusi nitayafuta. Ubishi ruksa, hasa wa wazee wanaoukumbuka mwaka 1976 kuliko mimi.